Tafsiri ya Kumbe

Winnipeg, Januari. Thelathini chini ya sifuri,
ukipepesa macho kope zinagandana.
Nimeitwa hospitali saa tisa usiku.
Kazi yangu maneno. Nalipwa kwa saa.

Daktari Kowalchuk anawasha kioo,
na ubongo wa Salehe Mkwizu unajitokeza,
wa kijivu, kunjo juu ya kunjo,
kama leso iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa na suruali.
"Mwambie mkewe," ananiambia,
nami namwambia Eliamani,
aliyekimbia na ndara juu ya soksi.

Hapa mbele, nyuma ya paji, ndipo pa kupanga:
tulipe umeme kwanza au kodi ya nyumba?
Ndipo pia pa kujizuia
usimwambie msimamizi unavyomwona.
Pamesalimika.
Utosini hupokelewa mguso, moto wa sufuria,
baridi ya kitasa.
Macho yanasomewa kisogoni.
Eliamani akashika kisogo chake:
"Yaani tunaonea nyuma?"
Chini yake ubongo mdogo, kama koliflawa,
ndio unaokuvusha barafu na kikombe cha chai mkononi.

Kisha neno likanigomea.
Daktari ametaja kitu kilichojificha ndani,
umbo lake lozi, kazi yake hofu.
Nikasema: lozi. Lozi ya woga.
Na jirani yake, mtunza kumbukumbu,
ni farasi wa baharini.
Eliamani akanitazama
kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.
Nikaharakia shina,
zinakokaa pumzi na mapigo ya moyo,
mambo yasiyongoja amri ya mtu.

"Na hapa."
Kidole kikatua kushoto, mbele ya sikio, juu kidogo.
Doa jeupe, kama punje ya kunde.
Hapa maneno huvishwa sauti.
Damu haikufika.

Salehe alianguka kiwandani, kati ya trei za mikate.
Mkono wa kulia umelala kando yake
kama wa mtu mwingine,
unga umekauka kwenye kucha.

Muulize jina lake.
"Kumbe."
Ana watoto wangapi?
"Kumbe," polepole, akitafuta.
Huyu ni nani, huyu aliyekaa hapa?
"Kumbe!" Na chozi likashukia sikioni.

Daktari akanigeukia: anasemaje?

Miaka kumi na mmoja nimetafsiri saratani,
nimetafsiri mimba zisizotarajiwa, barua za kufukuzwa nchini,
nimemtafsiria mtu talaka yake mwenyewe.
Sasa nimesimama na neno la silabi mbili.
Kumbe ni ukweli uliofika kwa kuchelewa.
Ni sikujua. Ni nilidanganywa. Ni afadhali.
Wakati mwingine ni mlango tu,
umefunguliwa, na aliyeufungua hajaingia.
Nikasema: anasema amegundua jambo.
Jambo gani?
Hajalisema.

Eliamani hakutungoja.
Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaugonga mkono ule mzima:
"Moja. Mbili."
Na Salehe, wazi kabisa, kwa sauti ya darasa la kwanza:
"Tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi,"
akasita, akatutazama mmoja mmoja,
"kumbe."
Nesi alicheka. Salehe naye alicheka, nusu ya uso.

Daktari akaeleza, nikafuatisha:
yaliyokaririwa tangu utoto, hesabu, salamu, sala,
hata matusi,
aghalabu yana njia yake nyingine.
"Matusi anayo ya kutosha," alisema Eliamani.
Hilo sikulitafsiri.

Nilitia saini fomu: saa mbili, lugha moja.
Nje, gari langu limechomekwa umeme ukutani
kama mgonjwa kwenye dripu.
Nikachomoa waya. Injini ikakohoa, ikakataa, ikawaka.
Kabla ya kuondoka nikabonyeza juu ya sikio la kushoto,
kupitia kofia ya sufu,
kama mtu anayepapasa mfuko
kuhakikisha funguo bado zipo.